Kitabu Kilichoombewa ni cha Nani?

Tarehe 19 Oktoba 2021, mjini New York, kampuni ya mnada ya Sotheby's iliuza kitabu cha dua kwa dola milioni 8.3. Niliisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa ndani ya daladala, nikacheka kidogo, kama mtu anavyocheka akitajiwa bei ya ndege ya rais. Halafu nikafika pale walipoeleza kitabu kilikuwa cha nani zamani, na kwa nini watu wa heshima zao walikuwa wanagombana juu yake. Kicheko kikaisha. Nilipitilizwa kituo.

Kitabu chenyewe ni mahzori. Wayahudi wana sidduri, ambacho ni kitabu cha sala za kila siku na za Sabato, na wana mahzori, kitabu cha sala za sikukuu. Hii ilikuwa ya sikukuu mbili nzito kuliko zote: Rosh Hashana, yaani Mwaka Mpya, na Yom Kipuri, Siku ya Upatanisho, ambapo mtu hufunga tangu jua lizame mpaka nyota za kesho yake zitoke, akiomba afutiwe ya mwaka mzima. Iliandikwa kwa mkono, juu ya ngozi, huko Bavaria kusini mwa Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 13 au mwanzoni mwa karne ya 14. Aliyeiandika ndiye aliyeipamba, na tunamjua kwa jina moja tu: Abraham. Basi. Hakuna ukoo, hakuna mtaa.

Mtu asidhani kwamba zama hizo kila muumini alikwenda sinagogi na kitabu chake kwapani. Kuchapa vitabu kulikuwa bado, na ngozi ilikuwa ghali mno. Mahzori kubwa za Ujerumani ziliandikwa kwa ajili ya kiongozi wa sala: yeye anasoma mbele, wengine wanamfuata kwa moyo au kwa masikio. Kwa hiyo unaposema "kitabu cha dua" usifikirie kijitabu cha mfukoni. Fikiria sauti moja na watu mia nyuma yake. Kitabu kimoja, vinywa vingi.

Na watu hao hawakuwa na raha. Mwaka 1298 kundi la wauaji lililoongozwa na mtu aliyeitwa Rintfleisch lilipita Franconia na maeneo ya jirani likifuta jamii za Wayahudi mji baada ya mji. Miaka hamsini baadaye ikaja tauni kuu, na Wayahudi wakasingiziwa kwamba wametia sumu visimani, wakachomwa moto. Walionusurika walihama, na wakihama walibeba kinachobebeka. Mahzori hii ilitoka Bavaria ikapita Alsace, ikapita kandokando ya Ziwa Constance, ikavuka hadi Italia ya kaskazini. Pembezoni mwa kurasa zake kuna maandishi ya watu waliokuja nyuma ya Abraham, wakirekebisha mpangilio wa sala ufuate desturi ya mahali walipofikia. Mimi hapo ndipo ninapoona kitabu kimekuwa hai. Mtu hasumbuki kusahihisha kitabu asichokitumia.

Italia ndiko kilikompata, au kilikopatwa na, Samuel David Luzzatto. Na ndiye aliyekipa jina ambalo wauzaji wamelibandika: Luzzatto High Holiday Mahzor.

Naomba nimsimulie kidogo, maana habari nyingi za mnada zilimtaja kwa sentensi moja kisha zikarudi kwenye dola. Alizaliwa Trieste mwaka 1800, baba yake akiwa fundi wa kukereza mbao. Wayahudi hupenda kuwafupisha wanazuoni wao kwa herufi za mwanzo za majina, na yeye ni Shadal. Mwaka 1829 kilifunguliwa chuo cha marabi Padua, mojawapo ya vyuo vya kwanza vya kisasa vya namna hiyo, naye akaitwa kufundisha. Alikaa hapo mpaka kufa kwake. Vizazi vya marabi wa Italia vilipita mikononi mwake. Ni mwalimu wa masheikh, kama tungesema huku kwetu. Mshahara ulikuwa mdogo na watoto wa kulisha walikuwepo, lakini alinunua miswada ya zamani kama wengine wanavyonunua tumbaku.

Hakuwa mtu wa kuhifadhi vitu kwa ajili ya kuviangalia tu. Ndiye aliyeyatoa hadharani mashairi mengi ya Yehuda Halevi, mshairi mkubwa wa Andalusia, kutoka kwenye mswada uliopatikana Tunis. Mwaka 1856 alichapisha utangulizi mrefu juu ya mahzori ya Wayahudi wa Roma, akifuatilia nani alitunga dua ipi na lini. Ndiyo kusema alikuwa mmoja wa watu wachache sana duniani wakati ule walioweza kuishika mahzori ya Abraham na kujua hasa wameshika nini.

Alikuwa mkali pia. Aliishambulia Kabala na hakuogopa majina makubwa. Hata Maimonides hakusalimika kwenye kalamu yake. Kosa la wanafalsafa, kwake yeye, lilikuwa kuiweka akili juu ya moyo. Msingi wa maadili, alifundisha, ni huruma: uwezo wa kuumia kwa maumivu ya mwenzio. Sheria zote za Torati zinazomlinda mgeni, mjane, yatima, hata mnyama wa kazi, aliziona kuwa ni mazoezi ya huruma. Hili liweke akilini, nitalirudia.

Mwanawe mkubwa alimwita Filosseno, jina la Kigiriki lenye maana ya "mpenda mgeni". Lilikuwa tafsiri ya jina la kitabu alichokuwa anakiandika mtoto alipozaliwa, Ohev Ger. Kijana huyo naye akawa msomi, na bado hajafika miaka ishirini na mitano alikuwa akiandikiana barua na msafiri Antoine d'Abbadie juu ya Wayahudi wa Ethiopia, waliokuwa wakiitwa Falasha, akijaribu kuwaeleza Ulaya kwamba wapo na wanasali nini. Alikufa mwaka 1854. Baba alibaki na karatasi za mwanawe na vitabu vyake mwenyewe. Yeye alifariki tarehe 30 Septemba 1865, na siku hiyo ilikuwa Yom Kipuri. Yaani sala ambazo ile mahzori iliandikwa kwa ajili yake zilikuwa zinasomwa mjini.

Na baada ya mazishi? Kilichotokea ndicho kinachotokea kila mahali. Maktaba iliuzwa. Mwaka 1868 orodha ya vitabu vya marehemu ilichapwa Padua ili wanunuzi wachague, na mwaka 1870 mahzori ilinunuliwa na Alliance Israélite Universelle ya Paris.

Alliance ilianzishwa 1860, na kazi yake kubwa ikawa shule. Shule yake ya kwanza ilifunguliwa Tetouan, Moroko, mwaka 1862. Baghdad ikafuata, kisha miji mingi ya Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Mwaka 1867 ilimtuma Joseph Halévy Ethiopia awatafute walewale Falasha ambao marehemu Filosseno aliwaandikia. Sijui kama kuna mtu pale Paris aliyeuona mnyororo huo, lakini mimi naupenda: kitabu cha baba kilifika katika nyumba iliyokuwa inaimalizia kazi ya mtoto. Maktaba ya Alliance iliporwa na Wanazi mwaka 1940 na kupelekwa Ujerumani. Baada ya vita sehemu kubwa ilirudishwa. Basi hapo palikuwa nyumbani kweli, siyo ghala.

Halafu, miaka mia moja na hamsini baadaye, Alliance yenyewe ikasema hela zimeisha. Wasomi waliandika barua ya wazi kuiomba isiuze. Hoja yao kubwa ilieleweka kwa yeyote: kitabu kikiingia mikononi mwa tajiri binafsi, mlango unaweza kufungwa, na kilichokuwa cha umma kikawa pambo la sebule. Alliance ilijibu kwamba uamuzi ni mgumu ila taasisi lazima iishi. Nyundo ikagongwa.

Kwa siku chache za mwanzo nilikuwa upande wa barua ya wazi, moja kwa moja. Nani asiyekuwa? Kisha nikaanza kusoma Wayahudi wenyewe walisema nini tangu zamani juu ya kuuza vitu vitakatifu, nikakuta jambo si jepesi hivyo.

Mishna, katika sehemu inayoitwa Megila, ina ngazi. Watu wa mji wakiuza uwanja wao wa kusalia, wanunue sinagogi. Wakiuza sinagogi, wanunue sanduku la Torati. Wakiuza sanduku, wanunue vitambaa vya kufungia magombo. Wakiuza vitambaa, wanunue vitabu. Wakiuza vitabu, wanunue gombo la Torati lenyewe. Kurudi nyuma hairuhusiwi. Huwezi kuuza gombo ukanunua vitabu, wala vitabu ukanunua vitambaa. Utakatifu unapanda, haushuki, na fedha inayopatikana inabaki na kamba shingoni. Tazama ujanja wa sheria hii. Haikukataza kuuza, maana inajua watu hupata shida. Imekataza fedha isahau ilikotoka.

Na gombo la Torati, ambalo liko juu kabisa ya ngazi? Talmudi inajibu kwamba haliuzwi ila kwa mambo mawili: kusoma Torati, na kuoa. Niliposoma hapo nilisimama. Kati ya vitu vyote duniani ambavyo ungedhani vitaruhusiwa, walichagua elimu na ndoa. Ninavyowaelewa, wanasema kitabu kitakatifu hakina kitu cha juu yake isipokuwa mtu atakayekisoma, na mtu atakayezaliwa ili akisome. Kitabu kinaweza kuuzwa kwa ajili ya mwanafunzi. Kwa hiyo shirika linaloendesha shule, likiuza mahzori ili shule zisifungwe, limekosea wapi? Kwa sheria ile ya zamani lina hoja nzito kuliko wasomi wa barua. Wasomi walitetea kitabu. Alliance ilitetea, au ilisema inatetea, watoto.

Nasema "ilisema" kwa sababu kila muuzaji ana mtoto wa kumtaja.

Kuna sheria nyingine, katika sehemu ya Gitini, ambayo kwenye ubishi ule sikumwona mtu akiigusa. Vitabu vitakatifu vilivyoangukia mikononi mwa watu wa nje visikombolewe kwa zaidi ya thamani yake. Hapohapo imesemwa hivyohivyo kuhusu binadamu waliotekwa: wasikombolewe kwa zaidi ya thamani yao. Sababu ni "kwa ajili ya kuutengeneza ulimwengu". Ukilipa kupita kiasi, unawafundisha watekaji kwamba kazi hii inalipa. Leo umemkomboa mmoja, kesho wanateka kumi.

Hapo ndipo dola milioni 8.3 zinaponitisha kuliko tendo la kuuza lenyewe. Bei hiyo haisomwi na mnunuzi peke yake. Inasomwa na kila taasisi yenye kabati la vitabu vya kale na deni la umeme. Inasomwa na kila mjukuu aliyerithi sanduku. Mei 2023 Biblia ya Kiebrania ya kale inayoitwa Codex Sassoon iliuzwa kwa dola milioni 38.1. Safari hiyo ilinunuliwa ili iwekwe kwenye jumba la makumbusho Tel Aviv, na watu wakashangilia, na mimi nikafurahi. Lakini bei imeshasemwa. Bei ikishasemwa haifutiki.

Inafika mbali. Ilifika kwetu kabla hata ya mnada huo, kwa njia za uchochoroni.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mwalimu wa chuo, hapo Tanga. Alikuwa na kitabu kilichoandikwa kwa mkono: Maulidi Barzanji, kisha nyiradi, kisha dua za wafu. Nani alikinakili, sikuwahi kujua. Kilikuwepo kabla yake. Pembezoni mwa kurasa za mwisho yeye na waliomtangulia walikuwa wameandika majina, kwa hati za Kiarabu, wino tofauti, mikono tofauti. Hao ni marehemu wa kusomewa khitma. Kila Ramadhani kilitolewa kwenye kitambaa cha kijani, na majina yalisomwa moja moja. Wengine hakuna aliyekuwa anawakumbuka ni nani. Walisomewa vilevile.

Babu alipofariki kitabu kilibaki kwa baba. Baba alipougua, dada yangu alikuwa amechaguliwa chuo cha ualimu na ada ilikuwa haipo. Akaja dalali mmoja, mtu mwenye maneno matamu, akasema kuna watu wanalipa hela ndefu kwa vitabu vya namna hii, na kwamba kwetu kitaliwa na mchwa bure. Mchwa walikuwepo kweli. Baba aliniita akaniambia, "Mwanangu, kipeleke wewe. Mimi siwezi." Nilikitia ndani ya mfuko wa rambo, kitambaa na kila kitu, nikakipeleka. Nililipwa laki sita. Njiani kurudi nilinunua dawa za baba na nauli ya dada, na zilizobaki zikaenda chuoni.

Kwa hiyo nikisoma kwamba Alliance imeuza, mimi si hakimu. Ni mshtakiwa mwenzao.

Na kwa muda mrefu ile sheria ya ngazi imenipa nafuu ambayo sikuitegemea kutoka kwa Wayahudi. Tuliuza kitabu, tukamsomesha mtu. Dada ni mwalimu sasa. Utakatifu umepanda, sivyo? Nikimwambia hivyo dada mwenyewe hunitazama tu.

Maana kuna kitu ngazi ile haikipimi. Inapima kiasi cha utakatifu, lakini haipimi ni mikono mingapi imo ndani ya kitu. Gombo moja la Torati kisheria ni sawa na jingine: herufi zilezile, hesabu ileile. Ukiuza moja ukanunua jingine, hujapoteza kitu. Mahzori ya Abraham siyo hivyo. Maneno yake unaweza kuyapata dukani leo, yamechapwa vizuri, bei ya chakula cha mchana. Kinachokosekana dukani ni yule mtu wa Alsace aliyefuta mstari akaandika mwingine kwa sababu watu wa kijiji chake walisali tofauti. Hicho hakina mbadala, na kisichokuwa na mbadala hakiwezi kupandishwa ngazi. Kinaweza kupokelewa au kupotezwa tu.

Kiswahili kina neno ambalo katika makala nyingi za mnada ule sikuona mwenzake: amana. Mali ni ya kwako. Amana iko kwako. Wenyewe wazee wa pwani walipoandika neno "wakfu" kwenye ukurasa wa kwanza wa msahafu, maana yake ilikuwa kwamba kuanzia hapo hakuna binadamu atakayekuwa na haki ya kuuza. Wote watakaokishika ni wapangaji. Babu hakuandika wakfu. Nimelifikiria sana hilo. Labda alidhani halihitaji kuandikwa. Labda alijua siku ya shida itakuja na hakutaka kutufunga mikono; alikuwa mtu wa namna hiyo.

Shadal naye hakuifunga mikono ya watoto wake, kwa sababu maktaba iliuzwa na haikuwa siri. Na hapa nataka kusema jambo ambalo wapenzi wa maktaba hawatalipenda. Tunaposema mnada wa 2021 ulikitoa kitabu "nyumbani", tunasahau kwamba kitabu kilishatolewa nyumbani zamani. Kiliacha kuwa kitabu cha kiongozi wa sala kilipoingia kwenye rafu za wasomi. Luzzatto alikuwa msomi na alikuwa mtu wa kusali. Kwake mambo hayo mawili yalikaa pamoja katika kifua kimoja, na pengine hapo ndipo mara ya mwisho yalipokaa pamoja juu ya kitabu hiki. Paris kilitunzwa, kilichunguzwa, kilionyeshwa. Lakini hakuna mkusanyiko uliosimama nyuma yake siku ya Yom Kipuri ukingoja sauti. Barua ya wazi ilidai haki ya wasomaji. Haki ya waombaji ilishazikwa kimyakimya karne ya 19, bila barua.

Je, huruma, ule msingi wa Shadal, inasema nini hapa? Niliwahi kudhani jibu ni rahisi: huruma iko kwa walio hai, uza. Mgonjwa kwanza, mwanafunzi kwanza, kitabu baadaye. Bado nadhani hivyo, kama ningerudishwa siku ile na mfuko wa rambo mkononi ningekwenda tena. Lakini huruma kama yeye alivyoielewa ni kuumia na mwenzio, na katika kitabu kile wenzio wamo. Wamo kwa mwandiko. Aliyekufa hana wakili. Hawezi kuandika barua ya wazi, hawezi kuja mnadani kuinua mkono. Njia pekee aliyonayo ya kukushika shati ni ile alama ya wino aliyoiacha pembeni. Basi huruma inakuvuta pande mbili, na anayesema inavuta upande mmoja tu ama hajawahi kuwa na deni, ama hajawahi kuwa na wafu.

Ninachoweza kukisema kwa uhakika ni kidogo. Kama lazima kiuzwe, kiuzwe pamoja na wajibu wake. Muuzaji angeweza kudai kwamba kitabu kitafunguliwa kwa anayetaka kusoma, kwamba kitapigwa picha kurasa zote, kwamba mara moja kwa mwaka kitatolewa kabatini. Bei itashuka, bila shaka, maana matajiri hawapendi kununua kazi. Acha ishuke. Ile sheria ya Gitini ingefurahi. Na mimi ningeweza kumwambia yule dalali anipe saa moja ninakili majina kabla hajakichukua. Sikumwambia. Nilikuwa na haraka ya basi, na nilikuwa na aibu, na vitu hivi viwili vikikutana mtu husahau kalamu anayo mfukoni.

Kuna mahzori nyingine ya Ujerumani ambayo huwa inanijia nikiifikiria ya Abraham. Inaitwa ya Worms, iliandikwa 1272, na ilitumika katika sinagogi la mji huo wa Worms kwa karne nyingi hadi 1938, sinagogi lilipochomwa moto. Kitabu kiliponea, mtunza kumbukumbu wa mji akakificha, na mwaka 1957 kikapelekwa Jerusalem, ambako kiko katika maktaba ya taifa. Ndani yake, katikati ya neno moja lililoandikwa kwa herufi kubwa, mwandishi alijaza nafasi zilizo wazi kwa kisentensi kidogo cha Kiyidi, ambacho ni cha kale kuliko sentensi zote za lugha hiyo zinazojulikana zenye tarehe. Wanazuoni wa lugha wanakiheshimu kwa hilo. Lakini kinachosema ni dua tu: heri kwa yule atakayekibeba kitabu hiki hadi sinagogi.

Vitabu hivyo vilikuwa vizito, na kulikuwa na mtu wa kuvibeba kutoka nyumba vilimohifadhiwa. Mwandishi alimfikiria huyo. Hakumwombea mnunuzi wala msomi. Alimwombea mbebaji.

Ramadhani iliyopita tulikusanyika kwa dada, ambaye sasa ana nyumba yake, na tukasoma khitma. Mama alikuwa anashika hesabu kwa tasbihi. Kila mmoja alitaja majina aliyokuwa anayakumbuka kutoka kwenye kile kitabu, shangazi mawili, mimi matatu, binamu mmoja akataja jina ambalo wengine tulibisha kwamba halikuwemo. Mama akasema lisomwe tu. Tulifika kumi na tisa. Kisha tukakaa kimya kidogo, tukimngojea mtu mwenye la ishirini, mpaka watoto wakauliza kama sasa wanaweza kula tende.